Tusipike Data: Asilimia 83 Nayo Ina Habari Yake

Maabara zetu zina ugonjwa ambao kila mwanafunzi wa sayansi anaujua na wachache wanautaja kwa sauti. Unaitwa kupika data. Mtu anapima, anapata namba isiyofanana na ya kitabuni, anaifuta, anaandika ya kitabuni. Ripoti inarudi na tisa kwa kumi, GPA inapumua, maisha yanaendelea.

Naomba niweke msimamo wangu mezani mapema. Kupika data si ujanja mdogo wa kuokoa alama. Ni kukitupa kile kile tulichokifuata maabara. Na utaratibu wetu wa kusahihisha ripoti, kwa jinsi ulivyo sasa, unatusaidia kukitupa. Mwanafunzi aliyepima kwa uaminifu akapata namba ya chini anakatwa alama, aliyekopi desa la mwaka jana anapongezwa. Hapo unategemea nani atapima kwa uaminifu mwaka ujao?

Nitaitetea hoja hii kwa mfano mmoja wa fizikia: tando nyembamba za metali zilizovukizwa, na jinsi zinavyorudisha miale ya urujuanimno, ile tunayoiita UV. Wenzangu wa sheria na biashara msikimbie, hakuna mlinganyo hata mmoja humu. Nimeuchagua mfano huu kwa sababu moja tu. Katika jambo hili, namba zilizokataa kufanana na kitabu ndizo zilizokuja kuandika kitabu.

Kitu chenyewe ni nini

Chukua pakiti ya krispi, ipasue, tazama ndani. Ule mng'ao mweupe mara nyingi ni alumini halisi. Haikupakwa kwa brashi. Ilipashwa moto ndani ya chemba iliyofyonzwa hewa mpaka ikawa mvuke, na mvuke ule ukatua juu ya plastiki ukaganda. Vioo vya darubini kubwa hutengenezwa kwa wazo hilo hilo, ila kwa uangalifu zaidi.

Maabara inafanya hivi. Unaning'iniza vipande vya alumini kwenye waya wa tangsteni, juu yake au mbele yake unaweka kioo kilichosafishwa, unafunga chemba, unawasha pampu zitoe hewa. Kisha unapitisha umeme mkubwa kwenye waya. Alumini inayeyuka ikifika nyuzi 660, inaendelea kupata moto, inaanza kutoa mvuke, na atomu zinaruka kwa mstari ulionyooka mpaka zigonge kioo na kubaki hapo. Ukizima, una utando wa nanomita 60 hadi 100. Unywele wako mmoja ni mnene kama mara elfu moja ya hapo.

Ukiutoa nje unang'aa kama kioo cha saluni. Unajipiga selfi, unamwonyesha rafiki, unasema kazi imekwisha. Hapo ndipo mtego ulipo. Macho yetu yanaona nuru ya urefu wa wimbi wa nanomita 400 hadi 700 hivi. Chini ya 400 ndiko kwenye urujuanimno, na huko sisi ni vipofu. Tando mbili zinazong'aa sawasawa mbele ya macho zinaweza kuwa mbingu na ardhi zikipimwa huko chini.

Chukua fedha kwanza (metali, si boom). Kwa nuru inayoonekana, fedha ndiyo mfalme. Karibu eneo lote hilo inarudisha zaidi ya asilimia 95 ya nuru inayoipiga. Lakini ukishuka chini ya nanomita 400 inaanza kuchoka, na ukifika karibu na nanomita 320 inaporomoka hadi chini ya asilimia 10. Dhahabu ni mbaya zaidi mapema. Tayari kwenye nanomita 400 inarudisha chini ya asilimia 40, na ile rangi yake ya njano tunayoisifia ni ushahidi kwamba inaimeza nuru ya bluu badala ya kuirudisha. Alumini, ambayo kwenye nuru inayoonekana inashindwa na fedha, inakaa kwenye asilimia 91 au 92 mpaka karibu na nanomita 220. Ila kuna sharti: iwe imetengenezwa vizuri.

Sababu iko kwenye elektroni. Kila atomu ya alumini inatoa elektroni tatu kwenye kundi la elektroni huru, na kundi hilo lina kasi ya kutosha kufuata mtikisiko wa wimbi na kulirudisha, mpaka karibu na nanomita 83. Chini ya hapo alumini inaanza kupitisha miale. Fedha inatoa elektroni moja tu, na juu ya hilo ina elektroni nyingine za ndani ambazo zinaanza kumeza nuru mara tu nishati inapokaribia volti-elektroni 4, yaani kwenye nanomita 310 hivi.

Kuna atakayeuliza, inatuhusu nini? Inamhusu yeyote atakayeajiriwa kusimamia maji ya kunywa au chumba cha upasuaji. Taa za zebaki za kuulia vijidudu zinatoa miale ya nanomita 254. Ukitaka kuirudisha miale hiyo kwenye maji, ukachagua bati la chuma cha pua kwa kuwa linang'aa vizuri, umeshajidanganya, maana kwenye 254 chuma cha pua kinarudisha theluthi hivi au pungufu. Alumini nzuri inarudisha karibu asilimia 90. Jicho limekuambia viko sawa. Kipimo kinasema mgonjwa atakunywa maji ambayo hayakuuliwa vijidudu ipasavyo.

Tofauti ndiyo iliyokuwa somo

Twende kwenye historia kidogo, kwa sababu ndiko hoja yangu inakosimama.

Kuanzia karne ya 19 vioo vya darubini vilipakwa fedha kwa njia ya kemikali. Vilikuwa vinang'aa sana, lakini fedha inachafuka upesi, na kwenye urujuanimno ilikuwa inawanyima wanaanga dirisha zima. Hewa ya dunia inapitisha miale mpaka karibu na nanomita 300, ndipo ozoni inafunga mlango. Kwa hiyo nuru ya nyota kati ya 300 na 340 ilikuwa inafika salama mpaka kwenye darubini, halafu inafia kwenye kioo. Miaka ya 1930, John Strong wa California Institute of Technology aliboresha njia ya kuvukiza alumini kwenye vioo vikubwa, na mwaka 1935 kioo cha darubini ya Mount Wilson, chenye upana wa mita 2.5, kikapakwa alumini. Dirisha likafunguka.

Lakini kulikuwa na jambo la kusumbua. Maabara mbalimbali zilivukiza alumini, zikapima UV, na namba zao hazikukubaliana. Kwenye nuru inayoonekana walikaribiana. Kwenye urujuanimno mmoja yuko juu, mwingine yuko chini. Metali ni ile ile. Sasa hebu fikiria wangekuwa na tabia yetu. Kila mmoja angechungulia namba ya mwenzake aliyetangulia, akaandika kitu kinachofanana nayo, wote wakapata tisa kwa kumi. Tusingejua chochote mpaka leo.

Walichofanya ni kuichukulia tofauti kama swali. Mmoja wa waliolifuatilia kwa miaka mingi ni Georg Hass, Mjerumani ambaye baada ya Vita Kuu ya Pili alifanya kazi katika maabara za jeshi la Marekani pale Fort Belvoir, Virginia. Majibu yaliyopatikana yanaweza kusemwa kwa sentensi moja: tumia alumini safi sana, fyonza hewa vizuri, usipashe kioo moto, na vukiza haraka. Hilo la mwisho linashangaza. Mtu angedhani ukienda taratibu utapata utando laini zaidi. Ni kinyume chake.

Hesabu yake unaweza kuifanya hata ukiwa kimbweta. Chukua presha ya tori 10⁻⁵, yaani moja ya milioni 76 ya presha ya hewa ya kawaida. Inasikika kama hakuna hewa kabisa, lakini hata hapo kila sentimita mraba ya kioo inagongwa na molekuli za hewa zaidi ya trilioni 3,000 kwa sekunde. Utando wa nanomita 60 una atomu za alumini trilioni 360,000 hivi kwa kila sentimita mraba. Ukiujenga kwa sekunde 100, molekuli za hewa zilizogonga ni karibu moja kwa kila atomu moja ya alumini. Si zote zinazokamatwa, lakini alumini inaipenda oksijeni kuliko mdeni anavyopenda ahadi. Ukiujenga utando ule ule kwa sekunde 2, ni molekuli moja kwa kila atomu 50. Tando zote mbili zinang'aa. Mmoja umejaa uchafu wa oksijeni ndani yake, na anayekuambia hivyo ni UV.

Kuna na umri. Ukitoa utando nje, ngozi ya oksaidi inaanza kuota hapo hapo, na baada ya muda inafika nanomita chache. Macho hayaioni, na hata kwenye nanomita 300 haina kelele. Lakini ukienda chini ya nanomita 200 inaanza kumeza nuru, na kwenye nanomita 121.6, ambako haidrojeni ya nyota inaangaza kwa nguvu, inakula sehemu kubwa ya kile ambacho alumini tupu ingerudisha. Watu walipogundua kwamba namba inashuka kadiri saa zinavyopita, hawakuificha. Walitafuta nguo ya kuivalisha alumini kabla haijaona hewa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Hass na mwenzake Richard Tousey walichapisha matokeo ya alumini iliyofunikwa magnesiamu floraidi ndani ya chemba ile ile, mara tu baada ya alumini kutua. Tando za namna hiyo zinaweza kurudisha zaidi ya asilimia 80 kwenye 121.6. Darubini ya Hubble, iliyorushwa Aprili 1990, ina kioo kikuu cha mita 2.4 chenye alumini ya nanomita 65 hivi na magnesiamu floraidi ya nanomita 25 juu yake. Nguo ile ilishonwa kutokana na namba iliyokuwa inashuka.

Na hata kasoro yenyewe inaweza kuwa kifaa. Mwaka 1910 Robert Wood wa chuo kikuu cha Johns Hopkins alitaka kupiga picha ya mwezi kwa urujuanimno peke yake. Alitumia kwatzi iliyopakwa fedha. Kwa kuwa fedha inazuia nuru inayoonekana lakini pale karibu na 320 inalegea na kupitisha, akapata chujio zuri. Picha zake zilionyesha doa jeusi karibu na kreta ya Aristarchus, doa ambalo kwa macho ya kawaida halionekani. Yule anayetaka fedha irudishe kila kitu angeiita namba ile mbovu. Wood aliiita dirisha.

Hubble ina somo la pili

Kwa kuwa nimeitaja Hubble, lazima niseme na upande wa pili, maana ni darubini ile ile na kioo kile kile.

Utando wake ulikuwa mzuri, ila umbo la kioo lilikuwa na kosa. Ilipofika angani picha zikatoka na ukungu. Uchunguzi wa mwaka 1990 ulikuta kwamba kifaa kikuu cha kupimia umbo wakati wa kung'arisha kioo kilikuwa kimefungwa vibaya, lenzi moja ikiwa nje ya mahali pake kwa milimita 1.3. Kwa hiyo kioo kilisuguliwa kwa ustadi mkubwa mpaka kikafuata umbo lisilo sahihi, pembezoni kikazidi kusuguliwa kwa mikromita 2 hivi.

Kinachonikosesha usingizi si ile milimita 1.3. Vifaa vingine vya kupimia vilivyotumika kiwandani vilionyesha kwamba kuna kitu hakiko sawa. Namba zilikuwepo. Zikawekwa kando, kwa maelezo kwamba vifaa hivyo si sahihi kama kile kikuu. Yaani waliamini namba waliyoitarajia, wakaikataa iliyowasumbua. Mpaka Desemba 1993 wanaanga walipopelekwa kufunga vioo vya kurekebisha, dunia ilikuwa imepoteza miaka mitatu na fedha nyingi (hizi sasa ni pesa).

Wale hawakuwa wajinga. Walikuwa mafundi wakubwa, wenye haraka, wenye bosi anayesubiri, wenye bajeti inayowabana. Mazingira hayo hayana tofauti kubwa na ripoti ya kukusanya Ijumaa saa nane mchana. Tabia ya kutupa namba inayosumbua haianzi siku unapokabidhiwa darubini. Inaanza mwaka wa kwanza, kwenye jaribio la pendulamu.

Tuje kwetu

Kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la maabara anayajua mazungumzo haya:

"Kaka, umepata ngapi kwenye mia tatu?"

"Themanini na tatu."

"Acha utani. Kitabu kinasema tisini na mbili. We andika tisini na moja nukta nne, isionekane umekopi."

Hiyo nukta nne ndiyo inayouma zaidi. Mtu ana akili ya kutosha kujua kwamba vipimo halisi huyumba kidogo, na anaitumia akili hiyo kutengeneza uyumbaji wa bandia. Angeitumia akili hiyo hiyo kuuliza kwa nini 83, angetoka maabara ameelewa fizikia kuliko nusu ya darasa.

Kwa sababu 83 ina habari. Huenda pampu haikufika chini ya kutosha. Huenda umeme uliongezwa taratibu na alumini ikatua kwa dakika mbili badala ya sekunde chache. Huenda kioo hakikusafishwa vizuri, utando ukawa na vinundu, na nuru ikatawanyika pembeni badala ya kuingia kwenye kipokezi. Vinundu hivyo vinaumiza zaidi mawimbi mafupi, ndiyo maana UV inalalamika kabla ya nuru ya kijani. Kila sababu ina alama yake. Uchafu wa ndani hauondoki ukipima tena. Oksaidi inaongezeka ukipima wiki ijayo. Utawanyikaji unapungua kadiri unavyopanda kwenye mawimbi marefu. Kumbe utando wako unaweza kuhojiwa kama shahidi mahakamani, na wenzangu wa sheria mtanisaidia hapo.

Kuna namba nyingine inayotisha watu zaidi ya 83, nayo ni 103. Spektrofotomita nyingi hazipimi uakisi moja kwa moja. Zinalinganisha utando wako na kioo cha rejea, ambacho mara nyingi nacho ni alumini. Kama kioo hicho kina miaka kwenye droo, kimeguswa na vidole vya vizazi vitano vya wanafunzi, basi utando mpya uliotengenezwa vizuri utakizidi. Mashine itasema asilimia 103. Mwanafunzi anashtuka, anaona ameharibu, anaandika 92. Hakuharibu kitu. Amegundua kwamba kioo cha rejea cha maabara kimechoka, jambo ambalo idara nzima inapaswa kulijua kwa sababu kila ripoti inayotoka kwenye mashine ile inakiegemea. Ugunduzi huo umefutwa kwa rababu.

Najua majibu yatakayokuja

La kwanza ni vifaa. Watasema pampu zetu zimezeeka, watu wanane kwenye mashine moja, umeme unakatika katikati ya jaribio. Ni kweli tupu, na chama chetu kisiache kudai vifaa. Lakini pampu iliyozeeka ni sababu ya kuandika namba halisi, si sababu ya kuificha. Ukiwa na pampu mbovu unaweza kutengeneza tando mbili, moja ya haraka na moja ya taratibu, ukazipima, ukaona tofauti kwa macho yako kwenye grafu. Maabara yenye pampu bora kabisa isingekuonyesha tofauti hiyo waziwazi namna hiyo. Isitoshe, ripoti zetu zote zikisema 92, nani huko juu ataamini kwamba pampu ni mbovu? Tunajipikia ushahidi wa kunyimwa bajeti.

La pili ni mzigo wa walimu. Daktari mmoja ana ripoti mia mbili za kusahihisha, hawezi kusoma maelezo ya kila mtu. Nawaelewa walimu wetu, na siwalaumu kwa idadi ambayo hawakuipanga wao. Lakini kusoma ripoti mia mbili zinazofanana ni kupoteza muda pia. Ripoti fupi ya ukurasa mmoja yenye namba halisi, masharti ya jaribio, na aya moja ya kueleza tofauti inasomeka haraka kuliko kurasa kumi za nadharia zilizonakiliwa kutoka desa.

La tatu ni kwamba wanafunzi watapika na maelezo. Hili ndilo pingamizi zito. Sote tumeona ripoti zinazomaliza kwa kusema tofauti imesababishwa na "makosa ya kibinadamu," maneno yasiyosema kitu, kama daktari kukwambia unaumwa kwa sababu una mwili. Dawa yake ni kudai maelezo yanayoweza kujaribiwa. Ukisema ni oksaidi, pima tena baada ya wiki. Ukisema ni mwendo wa kuvukiza, onyesha utando wa mwendo mwingine. Ukishindwa kwa sababu ya muda, andika kipimo gani kingekuthibitisha au kukukanusha. Ni vigumu kupika sababu ambayo wewe mwenyewe umeiwekea mtego.

La nne husemwa kimya kimya vimbwetani: mtaani hawaulizi data, wanauliza GPA. Sikatai kwamba wanaangalia cheti. Wengi wetu tunasoma kwa mkopo, sapu moja inaweza kuvuruga mwaka mzima, na nyumbani kuna watu wanaosubiri. Mwanafunzi anayepika data mara nyingi si mwovu, ni mwoga, na woga wake una sababu. Ndiyo maana sipendekezi adhabu kali. Adhabu juu ya mfumo uleule zitafanya watu wapike kwa ustadi zaidi, waongeze nukta nne nyingi. Badilisha kinacholipwa alama, na woga utakosa kazi.

Nini kifanyike

Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha ya aina yoyote.

Kwanza, katika kila ripoti ya maabara, angalau alama nne kati ya kumi zitolewe kwa maelezo ya tofauti kati ya kipimo na kitabu, na isiwepo hata alama moja ya kufanana na kitabu peke yake. Aliyepata 92 naye aeleze kwa nini ana uhakika kwamba si bahati.

Pili, kila sampuli iwe na cheti cha kuzaliwa. Kwa utando wa metali ni mistari mitano: tarehe na saa ulipotengenezwa, presha, sekunde ulizotumia kuvukiza, unene, na siku uliopimwa. Namba ya uakisi bila mistari hiyo ni kama bei bila kusema ni ya kilo au ya gunia. Mwanafunzi wa mwaka unaofuata akirithi daftari la namna hiyo, amerithi kitu. Desa la ripoti zilizopikwa halirithishi chochote zaidi ya woga.

Tatu, kila mwaka wa masomo uwe na jaribio moja ambalo jibu lake halimo kitabuni. Tando zinafaa sana kwa hili. Pima utando wa mwaka huu, uhifadhi, na darasa la mwakani lipime utando ule ule. Hakuna kitabu duniani kinachojua utando ule, uliokaa kwenye droo ile, kwenye unyevu wa mji huu, utarudisha asilimia ngapi. Wa kuwaambia ni mashine na uaminifu wa anayeisoma.

Nawaomba ma-CR wa madarasa ya sayansi wote wayapeleke mapendekezo haya kwenye vikao vya idara kabla ya semista ijayo kuanza, na uongozi wa chama uyasimamie kama unavyosimamia mambo ya hosteli na boom. Haya nayo ni maslahi ya mwanafunzi. Chuo kikituhitimisha tukiwa hodari wa kufananisha namba, kimetudhulumu, hata kama cheti kina GPA ya kupendeza.

Na wewe uliye na ripoti ya kukusanya Ijumaa hii, usisubiri kikao. Andika ulichopata. Chini yake andika unachodhani kimesababisha, na namna ya kukijaribu. Ukikatwa alama, nenda kamwone mwalimu ukiwa na daftari lako mkononi, mwulize kwa heshima: kosa langu liko wapi, kwenye kupima au kwenye kusema nilichopima?